Watambaazi waliotawala anga la Tendaguru

Katika kilima cha Tendaguru, takriban kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, wachimbaji walitoa ardhini zaidi ya tani 200 za mifupa iliyogeuka mawe kati ya mwaka 1909 na 1913. Inayofahamika zaidi ni mifupa mikubwa, hasa ile ya Giraffatitan, dinosauri mla majani ambaye kiunzi chake kimesimamishwa katika makumbusho ya Berlin kikiwa na kimo cha mita 13.27. Makala haya hayamhusu yeye. Yanamhusu jirani yake aliyeishi pwani hiyohiyo miaka milioni 150 hivi iliyopita, mnyama ambaye upana wake kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine ulikuwa kama mita moja tu, na ambaye tunamfahamu kwa kipande cha taya la chini chenye meno, kidogo kiasi cha kulazwa kiganjani. Wanasayansi wamemwita Tendaguripterus recki. Sehemu ya kwanza ya jina hilo maana yake ni bawa la Tendaguru.

Kiumbe huyo ni wa kundi la terosauri, watambaazi warukao wa kale. Wageni wengi wa makumbusho huwaita dinosauri wenye mabawa, na kosa hilo linaeleweka, kwa kuwa makundi hayo mawili yaliishi zama zilezile na huchorwa pamoja. Hata hivyo terosauri hawakuwa dinosauri, hawakuwa ndege wala hawakuwa popo. Terosauri na dinosauri ni matawi mawili yaliyochipuka kutoka shina moja, mfano wa watoto wa ndugu wawili, na kila tawi likashika njia yake. Ndege walitokana na tawi la dinosauri. Kwa hiyo kuku anayechakura uani ana undugu wa karibu zaidi na Giraffatitan kuliko na terosauri yeyote. Terosauri wenyewe hawakuacha kizazi. Visukuku vyao vya zamani kabisa vina umri wa takriban miaka milioni 228, jambo linalowafanya kuwa wanyama wa kwanza wenye uti wa mgongo kuruka kwa kupiga mabawa, mamilioni ya miaka kabla ya ndege na muda mrefu zaidi kabla ya popo.

Ili kuelewa namna walivyoruka, msomaji aweke mkono wake mezani na kukunjua vidole. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vilikuwapo kwa terosauri, vikiwa vifupi na vyenye kucha. Kidole cha mwisho hakikuwapo kabisa. Kilichobaki ni chanda cha pete, nacho kilirefuka kupita kiasi, mara nyingi kikazidi urefu wa kiwiliwili chote, na ndicho kilichobeba bawa. Utando wa ngozi ulianzia kwenye ncha ya kidole hicho, ukashuka ubavuni na kushikana na mguu wa nyuma. Popo hutandaza bawa lake kwa vidole vinne kama mwavuli wenye mbavu nyingi, na ndege hutegemea manyoya yake. Terosauri alitegemea kidole kimoja kila upande. Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa pia na mfupa mwembamba mfano wa kijiti, usioonekana kwa mnyama mwingine yeyote, uliokaza utando mdogo uliokuwa mbele ya mkono.

Utando huo haukuwa ngozi tupu iliyoning'inia. Visukuku vilivyohifadhiwa vizuri katika mawe ya chokaa ya Solnhofen, kusini mwa Ujerumani, vinaonyesha kwamba ndani yake mlikuwa na nyuzi nyembamba zilizopangwa sambamba, pamoja na misuli na mishipa ya damu. Nyuzi ziliuzuia utando usipepeseke ovyo katika upepo, na misuli ilimwezesha mnyama kuukaza au kuulegeza kadiri alivyotaka, kama nahodha anavyozirekebisha joshi na demani, yaani kamba za tanga lake. Mwilini terosauri walikuwa na vinyweleo vifupi. Kisukuku kilichopatikana Kazakhstan na kuelezwa mwaka 1971 kilidhihirisha jambo hilo waziwazi. Mnyama mwenye vazi la namna hiyo huwa anazalisha joto lake mwenyewe na kulihifadhi, na kazi ya kupiga mabawa inadai nguvu ambayo mjusi anayengoja jua limpashe joto hawezi kuitoa.

Sasa tuingie ndani ya mfupa, kwa sababu hapo ndipo penye siri ya maisha yao na pia sababu ya sisi kuwa na visukuku vyao vichache. Ukivunja mfupa wa juu wa bawa la kuku uliokwisha kupikwa na kuukagua kwenye mwanga, utaona kwamba ndani ni uwazi, na vijiti vidogo vya mfupa vimekatiza huku na huko kuuimarisha. Mifupa ya terosauri ilikuwa na umbo la namna hiyo, tena mwembamba zaidi: mara nyingi ukuta wake haukufikia hata milimita moja. Uwazi ule ulijaa hewa iliyotoka katika vifuko vilivyoungana na mapafu. Kwa mnyama arukaye huo ni utajiri, maana alipata mkono mrefu wenye nguvu bila kubeba uzito wake. Lakini mfupa kama huo, mnyama akishakufa, hupondwa na mawimbi, hutafunwa na wala mizoga, na ukibahatika kufunikwa na udongo hubanwa hadi ukawa bapa kama karatasi. Paja la dinosauri mkubwa hustahimili hayo yote. Ndiyo maana Tendaguru imetupatia dinosauri kwa matani na terosauri kwa vipande.

Mahali penyewe wakati huo hapakuwa kilima. Tabaka za udongo zenye mifupa ya dinosauri zimepishana na tabaka za mchanga wa bahari zenye makombe, na mpishano huo unatuonyesha ufuo uliokuwa ukisogea mbele na kurudi nyuma. Palikuwa na maji ya bahari yaliyotulia nyuma ya fungu la mchanga, palikuwa na wangwa uliofunikwa maji yanapojaa na kubaki wazi yanapokupwa, na bara kidogo kulikuwa na miti ya jamii ya misonobari. Mkaazi wa Kilwa au wa Lindi anayejua ndege wanavyoshuka wangwani maji yanapokupwa hatapata shida kupiga picha ya mandhari hiyo akilini. Pwani yenye samaki, kaa na makombe ndiyo iliyokuwa meza ya terosauri wengi duniani, na masalio yao hupatikana zaidi katika mawe ya mahali pa aina hiyo.

Hata hivyo si wote waliokula chakula kimoja, na meno yao yanatoa ushahidi. Rhamphorhynchus wa Ujerumani alikuwa na meno marefu yaliyochomoza mbele, na baadhi ya visukuku vyake vimekutwa na mabaki ya samaki tumboni. Pterodaustro wa Argentina alikuwa na takriban meno elfu moja membamba kama nywele za brashi katika taya la chini. Aliyatumia kuchuja viumbe wadogo majini, kazi ileile afanyayo heroe katika maziwa ya magadi. Wengine walikuwa wadogo wenye vinywa vipana, wawindaji wa wadudu. Wengine tena hawakuwa na jino hata moja.

Hao wasio na meno ndio waliotoa wanyama wakubwa kuliko wote waliowahi kuruka. Mwaka 1971 Douglas Lawson, aliyekuwa mwanafunzi wakati huo, aligundua huko Texas, Marekani, mifupa ya mnyama aliyeitwa Quetzalcoatlus northropi, ambaye upana wa mabawa yake hukadiriwa kuwa mita 10 hadi 11. Akisimama chini alikaribia kimo cha twiga. Watu huniuliza mara kwa mara mnyama kama huyo aliinukaje. Jibu linalokubalika na wengi leo ni kwamba hakupaa kwa miguu kama ndege, bali aliruka kwa kujisukuma na mikono yake, ambayo ndiyo iliyokuwa na misuli mikubwa ya kuruka; popo wafyonza damu wa Amerika huinuka kwa namna hiyo hadi leo. Nyayo zilizobaki katika mawe zinaafikiana na maelezo hayo, kwa kuwa zinaonyesha terosauri wakitembea kwa miguu minne, bawa likiwa limekunjwa juu na vidole vitatu vifupi vikikanyaga ardhi. Wale wakubwa wasio na meno yaelekea walitembea nchi kavu na kudonoa wanyama wadogo, kama korongo wafanyavyo mbugani.

Kuhusu uzazi wao, hakukuwa na ushahidi wa wazi hadi mwaka 2004, mayai ya kwanza yalipotangazwa kutoka China na Argentina. Ugunduzi mkubwa zaidi ulitangazwa mwaka 2017: mayai 215 ya terosauri aitwaye Hamipterus, kutoka eneo la Hami, kaskazini-magharibi mwa China, 16 kati yake yakiwa na vijusi ndani. Ganda lao lilikuwa laini, likibonyea kama la yai la kasa, na yai la namna hiyo halilaliwi bali hufukiwa. Mayai yale yalikuwa katika tabaka kadhaa, yaani mafuriko yalikumba mazalio hayo zaidi ya mara moja, na wanyama walirudi kutaga palepale. Wataalamu wamegawanyika kuhusu makinda: baadhi, wakitazama mifupa ya vijusi hivyo, wanasema yalianguliwa yakiweza kutembea lakini si kuruka, wengine wanaona mifupa ya mikono ilikuwa imara kiasi cha kuruka tangu mwanzo.

Kurudi kwenye taya letu la Lindi, safari yake inastahili kuelezwa. Mchimbaji wa Tendaguru hakuwa Mjerumani mwenye kofia pekee. Mamia ya watu wa huko walichimba, wakafunga mifupa kwa udongo na mianzi, na wapagazi wakaibeba vichwani mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi, katika nchi iliyokuwa bado na makovu ya Vita vya Maji Maji. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, alikuwa na ujuzi wa kutambua na kutoa mifupa ambao ulitegemewa na viongozi wa msafara, Werner Janensch na Edwin Hennig. Ni haki, japo ilichelewa mno, kwamba mwaka 2007 dinosauri mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Hans Reck, aliyeongoza msimu wa mwisho wa uchimbaji, ndiye aliyechapisha mwaka 1931 maelezo ya mifupa ya terosauri iliyotoka hapo, lakini majina aliyoyatoa hayatumiki tena, kwa sababu vipande vile havitoshi kutenganisha aina moja na nyingine. Taya lilibaki katika hifadhi ya Berlin hadi mwaka 1999, David Unwin na Wolf-Dieter Heinrich walipoonyesha kwamba ni la mnyama wa pekee na kumpa jina linaloukumbuka mlima na Reck.

Terosauri waliendelea kuwapo hadi miaka milioni 66 iliyopita, kimondo kilipoanguka mahali palipo Mexico leo na kuwaangamiza pamoja na dinosauri wote wasio ndege. Visukuku vya Morocco, vilivyoelezwa mwaka 2018, vinaonyesha kwamba karibu na mwisho huo bado kulikuwa na aina saba au zaidi katika eneo moja.

Kwa wakazi wa Lindi na wote wanaolima au kuchimba mawe katika tabaka za kale: kisukuku cha terosauri hakitakuja kwa sura ya mfupa mkubwa. Tazameni kijiti bapa cha rangi ya hudhurungi ndani ya jiwe, chenye ukuta mwembamba kama ganda la yai, pengine kimejazwa mchanga ulioganda katikati. Msikichokonoe wala kukiosha. Kipigeni picha kikiwa palepale pamoja na kitu cha kupimia, hata sarafu inatosha, andikeni mahali kilipo, kisha mtoe taarifa kwa ofisi ya kijiji au kwa Makumbusho ya Taifa, kwa sababu jiwe lililokishikilia lina habari za umri wake na za maji aliyozamia mnyama huyo, na habari hizo hupotea mara kinapong'olewa.