Kabla hamjapiga hodi: kwa wanafunzi wanaotoa elimu ya afya na maafa mitaani

Kila masika yanapokaribia, ofisini kwetu zinamiminika barua za vyuo na shule zikiomba wanafunzi waruhusiwe kutoa elimu ya afya na kujikinga na maafa. Safari hii zimekuja pamoja na malalamiko ya wananchi: vijana wameingia uani bila utambulisho, wameandika majina na namba za simu, wameondoka. Nawaandikia pande zote mbili, maana kazi hii tunaihitaji sana.

Utaratibu hauna njia ya mkato. Chuo kinamwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri, naye anaielekeza barua kwa Mganga Mkuu. Kutoka hapo inateremka kwa Mtendaji wa Kata, kisha kwa Mtendaji wa Mtaa, ambaye ndiye anayewajulisha wajumbe. Kikundi kitembee na nakala yenye mhuri, na kila mwanafunzi avae kitambulisho. Barua ya mtaa mmoja haitumiki mtaa wa pili.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Usiandike presha ya mtu na jina lake bila ridhaa yake, na usiirushe kwenye kundi la WhatsApp. Kutangaza mlipuko wa kipindupindu ni kazi ya Wizara ya Afya, si yenu. Anayesambaza mtandaoni taarifa anayojua ni ya uongo anakabiliwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Sasa nanyi wananchi. Bado tunasikia kwamba vidonge vya kutibu maji vinaharibu uzazi. Haviharibu. Bado mtu anayeharisha ananyimwa maji eti akinywa ataharisha zaidi. Kinachomuua mgonjwa wa kipindupindu ni kukaukiwa maji, tena ndani ya saa chache. Mpeni ORS, ile dawa ya unga inayochanganywa na maji ili kurudisha maji mwilini, huku mkimkimbiza kituoni. Kama haipo: lita 1 ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Na wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo wanajua wanachofanya. Kinyesi hicho kinaishia kwenye kisima cha jirani.

Vuli iliyopita nilifuatana na kikundi kimoja bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Binti wa mwaka wa pili alitia kidonge kwenye ndoo ya lita 20 kama maelezo ya pakiti yalivyosema, akakoroga, akasema subirini dakika 30. Bibi mmoja akamwambia, "Mjukuu wangu, mimi sina saa." Binti akafikiri kidogo. "Bibi, ukitia kidonge, bandika ugali, uunge na mboga. Mkimaliza kula, maji tayari." Bibi akacheka, akarudia maneno yale kwa jirani yake. Hakuna kipeperushi chetu kilichowahi kusema hivyo.

Nanyi wanafunzi, kwenye maafa fuateni njia hiyo hiyo: ulizeni mambo ya nyumba ile. Maporomoko ya tope ya mlima Hanang, mkoani Manyara, ya Desemba 3, 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80, yaliukuta mji wa Katesh alfajiri. Kwa hiyo ulizeni: usiku, nani atambeba babu? Dawa za kila siku, kadi ya kliniki na kitambulisho cha NIDA viko wapi? Vifungwe kwenye mfuko wa plastiki, vitundikwe juu. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, mpigaji hatozwi.

Siku ile ile ya bondeni wakazi walituambia maji yakija watakimbilia shule ya msingi. Kijana mmoja akauliza, "Usiku ufunguo anakaa nao nani?" Wakatazamana. Mtendaji alimfuata mwalimu mkuu kesho yake, na sasa majina ya watu wawili wenye ufunguo, pamoja na namba zao, yamebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtaa.