Bunduki ya Kumwindia Dinosaria: Dhana Potofu na Ukweli wa Mifupa

Dinosaria wakubwa walitoweka takribani miaka milioni 66 iliyopita, na hakuna binadamu aliyewahi kumwona mmoja wao akiwa hai, sembuse kumlenga. Hata hivyo, swali la bunduki gani ingefaa kuwawindia hujadiliwa kwa hamu kubwa na wapenzi wa silaha na wapenzi wa viumbe wa kale, na linastahili jibu la makini kuliko lile linalotolewa mara nyingi. Ushahidi wa kulijibu upo wa aina mbili: mifupa yenyewe, ambayo mingine ilifukuliwa Tendaguru mkoani Lindi, na uzoefu wa zaidi ya karne moja wa wawindaji wa tembo barani Afrika. Ukiviweka viwili hivyo pamoja, unagundua kwamba mjadala mwingi huanzia pasipofaa, kwa kuwa watu huuliza upana wa mtutu kabla ya kuuliza ubongo na moyo wa mnyama viko wapi na vimefunikwa na nini.

Dhana potofu: Mnyama akizidi ukubwa, mtutu nao sharti uzidi upana.

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayowafanya wengi wataje mara moja .600 Nitro Express (namba za namna hii hutaja upana wa mtutu kwa sehemu ya inchi), bunduki ya Kiingereza iliyobuniwa mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo hurusha risasi ya gramu 58 kwa kasi ya karibu mita 600 kwa sekunde. Hakuna ubishi kwamba ni silaha ya kutisha. Lakini historia ya Afrika Mashariki ina mfano unaoipinga dhana hiyo waziwazi. Mskoti Walter Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne hiyo hiyo, aliua zaidi ya tembo elfu moja, na wengi wao aliwaua kwa bunduki ya milimita 7, ambayo risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 11 tu na nguvu isiyofika theluthi moja ya ile ya .600. Siri yake haikuwa bunduki. Bell alilichunguza fuvu la tembo mpaka akajua ubongo umekaa wapi ukitazamwa kutoka kila upande, akatumia risasi ngumu isiyopanuka wala kupinda, na alikuwa na utulivu wa mkono ambao watu wachache sana wamejaliwa.

Jambo la kitaalamu linaloueleza ufanisi huo ni uwiano kati ya uzito wa risasi na eneo la ncha yake inayochimba njia. Risasi ndefu na nyembamba ya milimita 7, kwa uwiano huo, inakaribiana sana na ile nene ya .600, na ndiyo maana inaweza kuzama ndani sana ingawa ni ndogo. Sisemi kwamba mtu amwendee Tyrannosaurus, yule dinosaria mkubwa mla nyama, na bunduki ya milimita 7. Risasi nyembamba haisamehe kosa la kulenga, na kwa sababu hiyo nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji zimeiweka .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari. Ninachosema ni kwamba ukishavuka kiwango hicho, kinachoamua ni kina ambacho risasi inafika na mahali inapofika, na milimita chache za upana haziwezi kufidia kukosa mambo hayo mawili.

Dhana potofu: Risasi nzito humwangusha mnyama kwa kishindo chake.

Hesabu yake ni fupi. Chukua risasi ya .600, zidisha uzito wake kwa kasi yake, kisha ugawanye kwa kilo 8,000, ambao ni uzito unaokadiriwa wa Tyrannosaurus mkubwa. Jibu ni kwamba mnyama huyo angesukumwa nyuma kwa kasi ya takribani milimita 4 kwa sekunde, yaani asingehisi msukumo wowote wa maana. Isitoshe, msukumo unaompata mnyama hauwezi kuuzidi ule unaompata mpigaji begani kupitia kitako cha bunduki. Tembo anayeanguka papo hapo huanguka kwa sababu ubongo au uti wa mgongo umepigwa, na tembo aliyepigwa moyo mara nyingi hukimbia umbali mrefu kabla ya kulala chini.

Dhana potofu: Tyrannosaurus apigwe katikati ya macho.

Fuvu la Tyrannosaurus aliyekomaa linakaribia urefu wa mita moja na nusu, na ukubwa huo ndio unaodanganya. Sehemu kubwa ya mbele ni pua, meno na nafasi zenye hewa. Ubongo wake ulikuwa mwembamba na mrefu, umefichwa nyuma kabisa ndani ya kisanduku cha mfupa mnene, ukizungukwa na misuli mikubwa ya taya. Risasi itakayopita chini kidogo au pembeni kidogo itatoboa mifupa mingi na kumwacha mnyama akiwa na hasira na uhai wake wote.

Hapa inafaa kukumbuka jamaa wa dinosaria walio hai. Wengi huwachukulia dinosaria kama mijusi iliyokua kupita kiasi, ilhali jamaa zao wa karibu ni mamba, na ndege ni wazao wao. Mwindaji wa mamba anajua kwamba mamba aliyekoswa ubongo au uti wa mgongo hujivuta majini hata akiwa na jeraha la kumuua. Kwa kufuata maumbile ya jamaa hao, moyo wa Tyrannosaurus tunautarajia chini kifuani, karibu na mikono yake mifupi. Huko ndiko ningelenga nikiwa ubavuni mwake, kwa kuwa ni shabaha pana kuliko ubongo, nikiwa na risasi ngumu inayoweza kupenya karibu mita moja ya nyama na mbavu. Bunduki ya .416 Rigby au .470 Nitro Express inaiweza kazi hiyo. Makadirio mengi ya kasi ya Tyrannosaurus yako kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa, maana yake ni kwamba akiwa umbali wa mita 40 anaweza kukufikia kwa sekunde tano hivi. Kwa hiyo bunduki ya mitutu miwili, inayotoa risasi ya pili bila kukokiwa, ina faida iliyo wazi. Wala asijidanganye mtu kwamba akisimama tuli hataonekana: macho ya mnyama huyu yalielekea mbele, na uwezo wake wa kupima umbali ulikuwa mzuri sana.

Dhana potofu: Wenye miiba mgongoni walikuwa na ubongo wa pili kiunoni, hivyo wapigwe huko.

Dhana hii ilizaliwa katika karne ya 19, baada ya Othniel Charles Marsh, mtaalamu wa visukuku wa Marekani, kuona kwamba mfereji wa uti wa mgongo wa Stegosaurus, dinosaria mwenye mabamba mgongoni na miiba mkiani, umepanuka kwenye nyonga. Jamaa yake mwenye miiba, Kentrosaurus wa Tendaguru, ana upanuzi wa namna hiyo pia. Ndege wa leo wana nafasi kama hiyo, na ndani yake mna tishu yenye akiba ya wanga. Hamna ubongo wowote. Risasi ya hapo ingeweza kuilemaza miguu ya nyuma, lakini mkia wenye miiba ungebaki karibu mno na mpigaji.

Dhana potofu: Bunduki ya kijeshi ya .50 inamaliza mjadala wote.

Nguvu inayo, tena inakaribia maradufu ya .600. Lakini Barrett M82, iliyo maarufu kuliko zote za aina hiyo, ina uzito wa karibu kilo 14 na imekusudiwa kufyatuliwa na mpigaji aliyelala kifudifudi, bunduki ikiegemea miguu yake miwili ya chuma. Vichakani, mnyama akitokea ghafla, haigeuziki kwa wakati. Tena risasi zake ndefu zilizochongoka huelekea kuyumba na kupinduka zikishaingia mwilini, tofauti na zile butu za kuwindia tembo, ambazo hushika njia iliyonyooka.

Mnyama mmoja tu ndiye anayenifanya nisite, naye ni Giraffatitan, dinosaria mkubwa mno mla majani mwenye shingo ndefu. Msafara wa Wajerumani ulichimba mifupa yake Tendaguru kati ya 1909 na 1913, na kazi hiyo ilifanywa na mamia ya wenyeji chini ya usimamizi wa watu kama Boheti bin Amrani. Kiunzi kilichosimamishwa Berlin kina kimo cha zaidi ya mita 13, na mfupa wa juu wa mguu wa mbele peke yake unazidi mita mbili. Kichwa ni kidogo na kiko juu mno, na pingili za shingo zilijaa mapango ya hewa ambayo risasi ingeweza kuyapita bila kuugusa uti. Kuufikia moyo kungehitaji kupiga kwa kuelekea juu, nyuma ya mguu wa mbele, kupitia nyama na mbavu ambazo hakuna risasi ya mkononi iliyowahi kujaribiwa kwa unene wake. Kwa maoni yangu, mwindaji mwenye heshima asingefyatua.

Dhana potofu: Kila dinosaria anahitaji bunduki ya tembo.

Velociraptor wa Mongolia alikuwa na uzito wa kilo 15 hadi 20 na alikuwa na manyoya, kama mifupa ya mkono wake ilivyothibitisha mwaka 2007. Kwake yeye, risasi ngumu ya .470 ingepita upande wa pili ikiwa na karibu nguvu zake zote. Shotigani yenye marisau makubwa, kwa umbali usiozidi mita 30, ingetosha kabisa.