Je, wajua kwa nini Halifax ilijenga jumba la vyumba 315 kwa kazi ya saa mbili kwa wiki?

Ukishuka kwenye treni Halifax, kaskazini mwa Uingereza, dakika chache tu za kutembea zinakufikisha kwenye ukuta mrefu wa mawe usio na madirisha. Ungedhani ni gereza. Ufuate ukuta huo mpaka upate lango, upite chini ya tao, na mara umesimama kwenye uwanja mpana ulio wazi juu, pande zote nne zimezungukwa na baraza za nguzo, ghorofa juu ya ghorofa. Kila baraza ina milango, mlango baada ya mlango, na yote inatazama ndani.

Hilo ndilo Piece Hall. Lilifunguliwa tarehe 1 Januari 1779 likiwa na vyumba 315, na biashara yake ilikuwa Jumamosi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa sita mchana. Kengele ikilia mnaanza, ikilia tena mnafunga. Mtu mwenye akili timamu anajengaje jumba la ukubwa huo kwa ajili ya saa mbili?

Jibu limejificha kwenye jina, na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza cha leo. Mwingereza wa sasa akisikia “piece” anafikiria kipande cha kitu chochote. Wenye maduka ya vitambaa kwetu wanalo neno lenyewe hasa: jora. Kamusi za zamani za Kiswahili zilitaja jora kuwa kitambaa cha yadi 30 hivi, na “piece” ya Halifax nayo ilikuwa yadi 30 hivi, yaani kama mita 27, ikitoka nzima kwenye kitanda cha mfumi. Kwa hiyo lile ni Jumba la Majora, na ili kulielewa inabidi kwanza tulifuate jora moja kutoka nyumbani lilikofumwa.

Vilima vya Pennine vinavyouzunguka mji huu havifai sana kwa kilimo. Udongo ni mchachu, mvua haikatiki, na zao lililokubali zaidi lilikuwa shayiri ya uji. Isitoshe, baba akifa shamba liligawanywa kwa wana, na wana wao wakagawana tena, hadi mtu akabaki na konde lisilomtosha yeye na ng'ombe wake wawili. Lakini kulikuwa na kondoo, na kulikuwa na maji ya ajabu. Miamba ya huko haina chokaa, kwa hiyo maji yanayoteremka kutoka vilimani ni laini, sabuni inatoa povu mara moja na rangi inashika vizuri kwenye sufu. Familia ikawa inalima kidogo na kufuma sana.

Nyumba nzima ilikuwa karakana. Watoto waliichambua sufu, wanawake waliisokota, na baba alikaa kwenye kitanda cha kufumia ghorofani. Mfumaji mmoja alihitaji nyuzi za wasokotaji kadhaa, ndiyo maana hakuna mkono uliokuwa wa kukaa bure. Jora moja lingeweza kuchukua juma zima. Kitambaa kikitoka hapo kilikuwa bado na mafuta ya kondoo, na cha kuyaondolea kilipatikana uvunguni: mkojo wa nyumbani, uliokusanywa kwenye chombo na kuachwa uvunde hadi uwe mkali. Nguo iliyokuja kuvaliwa na mabwana wa London ilianza maisha yake hivyo. Baadaye ilipelekwa kwenye kinu cha maji, ambako nyundo kubwa za mbao ziliipondaponda mpaka nyuzi zikashikana.

Baada ya kupondwa, kitambaa kilinywea. Ili kirudi kwenye kipimo chake kilitandazwa nje, kwenye viunzi virefu vya mbao vyenye kulabu juu na chini, kikavutwa na kuachwa kikauke kwa upepo. Hebu vuta picha: kilima kizima kimejaa vitambaa vya thamani ya mshahara wa majuma kadhaa, usiku, bila mlinzi.

Halifax iliwashughulikia wezi kwa namna iliyoutia mji jina baya nchi nzima. Sheria ya hapo ilisema mtu akikamatwa na mali ya wizi yenye thamani ya peni 13 na nusu au zaidi, anakatwa kichwa. Hawakumwachia mtu kazi hiyo kwa panga. Walikuwa na mtambo: miimo miwili ya mbao, gogo zito lenye makali ya shoka, na kamba. Tukio la kwanza lililoandikwa ni la 1286 na la mwisho ni la 1650, ikiwa ni zaidi ya miaka 100 kabla Wafaransa hawajaanza kutumia gilotini yao. Mshtakiwa alifungwa hadharani siku tatu za soko, na kama aliiba nguo, aliwekewa ile nguo mgongoni watu waione. Kama aliiba mnyama, kamba ilifungwa kwa mnyama yule yule, akaswagwa, naye ndiye aliyechomoa pini iliyolishikilia gogo.

Kulikuwa na mwanya mmoja. Mfungwa akifanikiwa kuponyoka na kuvuka kijito cha Hebble, mpaka wa mamlaka ya mji, hawakumfuata ng'ambo. John Lacey alivuka. Akakaa huko miaka saba, akaona yamesahaulika, akarudi. Wakamkata kichwa 1623. Leo nakala ya mtambo huo imesimama Gibbet Street, na shoka lenyewe limehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Bankfield, mjini humo humo.

Sasa turudi kwenye ukuta usio na madirisha. Jumba lilipojengwa shoka lilikuwa limekwisha kustaafu, lakini hofu ya wizi haikuwa imestaafu, na juu yake kulikuwa na hofu ya kupunjwa. Mfumaji aliyeshuka mlimani na jora begani, au juu ya farasi kwenye vijia vya mawe ambavyo bado unaweza kuvipanda leo, alikuwa mnyonge. Ana jora moja na deni la sufu, na tajiri anaweza kumsubiri mpaka alegee. Ndani ya jumba mambo yalikuwa hadharani. Wauzaji wako kila mmoja mlangoni pake, wanunuzi wanazunguka baraza hadi baraza wakishika, wakivuta, wakinusa, na kila mtu anaona nani amesimama kwa nani. Saa mbili hazitoshi kuzungushana. Mnunuzi akikuvungia, jirani yako yupo hatua tatu kando na jora lake, naye kengele inamtisha kama inavyokutisha wewe.

Vyumba vingi, kwa sababu wauzaji walikuwa wengi na kila mmoja anajitegemea. Malango machache, kwa sababu kinachoingia na kutoka lazima kionekane. Nuru kutoka uwanjani, kwa sababu rangi ya nguo haiamuliwi kwa mshumaa. Kuhusu ghorofa kuwa mbili upande wa juu na tatu upande wa chini, hapo hakuna siri yoyote: kiwanja kina mteremko, wajenzi wakaufuata.

Cha kusikitisha, au cha kuchekesha ukipenda, ni kwamba jumba lilichelewa. Mwaka 1771, miaka minane kabla halijafunguliwa, Richard Arkwright alikuwa ameanzisha kiwanda chake cha kusokota nyuzi kwa nguvu ya maji kule Cromford. Mwenye kiwanda hahitaji chumba cha kuuzia jora moja moja. Wanunuzi wanamfuata, au anasafirisha moja kwa moja. Ndani ya kizazi kimoja biashara ya Piece Hall ilianza kudhoofu. Bonde hilo hilo la Halifax likaja kuwa na Dean Clough, viwanda vya mazulia vya akina Crossley, ambavyo wakati wake vilikuwa vikubwa kuliko vingine vyote vya mazulia duniani. Navyo vikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Siku hizi humo mna ofisi, ukumbi wa michezo ya kuigiza na nyumba za sanaa.

(Msomaji wa pwani asichanganye miji. Kanga za zamani zilizochapwa Uingereza zilitoka upande wa pili wa vilima, Manchester, kwenye pamba. Halifax ni sufu, jamaa ya kitambaa kizito kinachoshonewa joho.)

Miji mingine ya eneo hilo ilikuwa na kumbi za nguo pia. Ule wa Huddersfield, wa 1766, ulibomolewa 1930. Kwa nini wa Halifax ukapona? Kwa maoni yangu, uliokolewa na mboga. Mwaka 1871 uligeuzwa soko la jumla la samaki, matunda na mboga, na kwa miaka 100 watu walishusha viazi mahali palipouzwa majora. Si matumizi ya heshima, lakini jengo lenye kazi halibomolewi upesi. Soko lilipohamishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, hatari ikaja kweli, na mjini bado wanasimulia kwamba kura iliyoamua lisivunjwe ilishinda kwa kura moja tu. Likakarabatiwa, likafunguliwa 1976. Halafu likafungwa tena kwa ukarabati mkubwa wa pauni milioni 19, na kufunguliwa tarehe 1 Agosti 2017, siku ambayo watu wa Yorkshire husherehekea jimbo lao.

Leo kuingia uwanjani ni bure. Vile vyumba vimekuwa maduka madogo, mikahawa na baa, na majira ya joto uwanja unageuka ukumbi wa muziki. Siku za tamasha mambo ni tofauti, hupiti bila tiketi, kwa hiyo angalia ratiba kabla ya kwenda. Ukishamaliza hapo, pita maktaba iliyo ubavuni mwa jumba, ambayo imelimeza ndani yake dirisha la duara la kanisa lililobaki gofu, kisha uende soko la manispaa la 1896, uangalie saa iliyosimama katikati chini ya kuba huku watu wakinunua nyama na soksi kama kawaida.

Na wanaoishi humo je? Mji wenyewe haukupoa na kuwa makumbusho. Mawe ya nyumba yana rangi nzuri ya asali yakitoka machimboni, lakini masizi ya viwanda yaliyapaka weusi kwa zaidi ya karne, na nyumba nyingi bado ni nyeusi. Ukiona moja imeng'aa katikati ya safu, ujue mwenyewe amelipa kuisugua. Mabondeni kote utaona nyumba za wafumaji, unazitambua kwa safu ya madirisha membamba yaliyopangana ghorofa ya juu kama meno, yote kwa ajili ya kukipa kitanda cha kufumia mwanga. Watu wanazipenda na kuzinunua. Kisha Januari inafika, upepo wa vilimani unapenya kila penye kioo, na mwenye nyumba akitaka kuweka madirisha ya kisasa anagundua kwamba nyumba imeorodheshwa kisheria kuwa ya kihistoria, na hawezi kugusa hata fremu moja bila kibali.