Fundi mzuri peke yake hatoshi

Wengi huamini kwamba kitimwendo (kiti cha magurudumu) kinahitaji mhandisi hodari na mfadhili, basi. Mtumiaji ataitwa siku ya makabidhiano, apigwe picha. Imani hiyo si sahihi, hata hapa Moshi ambako mafundi wa viungo bandia na vitimwendo wanafundishwa palepale hospitali ya KCMC, katika chuo chao cha TATCOT.

Chukua kiti cha hospitali chenye magurudumu madogo mbele. Kwenye sakafu ya wodi kinateleza bila shida. Kipeleke barabara ya vumbi ya Kibosho mvua ikishanyesha: gurudumu la mbele linazama, kiti kinagoma, aliyekaa anarushwa mbele. Akifika nyumbani, mkono wa kiti usiochomoka unamzuia kujihamishia kitandani. (Ya choo tuyaache kwanza.)

Mhandisi Amos Winter wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, alibuni kiti kinachoendeshwa kwa kusukuma nyenzo mbili, yaani fito za mkono, kwa ajili ya njia mbovu. Njiani kilifanya kazi. Watumiaji wa Afrika Mashariki walipokijaribu, walilalamika kuwa ni kizito, kipana, na ndani ya nyumba ni taabu. Kikapunguzwa. Fizikia yake haikuwa na kosa. Wenye kuishi nacho ndio walioona kasoro.

Kwa hiyo mtumiaji aitwe kabla ya mchoro, na alipwe kama mshauri mwingine yeyote. Tena asiwe mmoja: aliyepooza miguu na mwenye mtindio wa ubongo hawakai kiti cha aina moja.