Geuza Chungu, Soma Kitako

Mpe mfinyanzi chungu cha mwenzake uone. Kabla hajasifia umbo wala rangi, atakuwa ameshakipindua. Kitakoni ndiko kwenye habari: udongo ulio uchi usiofikiwa na glezi (upako unaogeuka kioo motoni), mkwaruzo wa waya uliokikata kutoka kwenye gurudumu, chembe za mchanga wa joko, muhuri wa mwenye kazi, na mara nyingine ufa mdogo wenye umbo la herufi S, ushahidi kwamba kitako hakikushindiliwa vizuri au kilikauka kwa mwendo tofauti na kuta. Juu chungu hujipamba. Chini hakina pa kujificha.

Tabia hiyo nimeihamishia kwenye mambo mengine ya kazi yetu: maonyesho ninayoyatembelea, mihadhara ninayokaa kuisikiliza, na hasa matangazo ya tuzo na ya ukaazi wa wasanii (kupewa muda wa kuishi na kufanya kazi kwenye kituo) ambayo wafinyanzi wachanga hunitumia wakiuliza, "Niombe hii?" Nimeomba nyingi na kukataliwa nyingi. Nimeketi pia upande wa pili wa meza, kwenye majopo yanayochagua.

Nianze na maonyesho. Shida yake inajulikana: huruhusiwi kugusa, na chungu kilicho juu ya jukwaa jeupe hakipinduliki. Basi chuchumaa. Kitazame kwa usawa wa meza, uone kinavyokutana na kile kinachokibeba. Tazama mdomo: ni mwembamba kuliko kuta, au mzito makusudi? Tafuta mahali ambapo rangi imebadilika bila sababu ya wazi. Hapo ndipo moto ulipopita.

Kazi za Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Kenya aishiye Uingereza, hulipa utazamaji wa namna hii kuliko nyingi nilizowahi kuziona. Hatumii gurudumu. Anainua kuta kwa mkono, anapaka tope laini mno, kisha anasugua hadi uso ung'ae bila tone la glezi. Akichoma kwenye moto wenye hewa ya kutosha, chuma kilichomo kwenye udongo hutoa ule wekundu wa chungwa. Chombo hichohicho akikirudisha jokoni na kukinyima hewa katikati ya moshi, hutoka cheusi. Kwa hiyo ukiona wingu jeusi begani mwa chungu chekundu, usidhani ni brashi. Unasoma mgawanyo wa hewa wa siku ile. Mwaka 2019, kwenye jumba la The Hepworth Wakefield nchini Uingereza, aliweka zaidi ya kazi zake hamsini pamoja na vitu vya tamaduni na zama mbalimbali alivyovichagua mwenyewe. Kwangu huo ndio uratibu wa onyesho unaomfaa mfinyanzi: unaona kazi, na unaona macho ya mwenye kazi yalikopita.

Odundo alikwenda Abuja ya zamani, mji wa Nigeria ambao leo unaitwa Suleja, miaka ya 1970 kujifunza, na huko ndiko alikokuwa mfinyanzi Ladi Kwali. Kwali aliingia mwaka 1954 katika kituo cha ufinyanzi alichokianzisha Mwingereza Michael Cardew, naye mfinyanzi. Alikuja tayari akiwa fundi, mwenye ufundi wa mitungi ya maji aliyoijenga kwa kukizunguka chombo kwa miguu yake badala ya chombo kuzunguka. Kituoni mitungi ile ilianza kupakwa glezi na kuchomwa kwa moto mkali, unaofanya udongo ukaribie kuwa jiwe. Hapa pana jambo ambalo vibao vya maelezo kwenye majumba ya makumbusho hulipita haraka. Mtungi wa maji hupoza kwa sababu unatoka jasho: maji hupenya vitundu vya udongo, yanakauka nje, yanaondoka na joto. Ukiuziba kwa glezi na moto wa nyuzi 1,200 na zaidi, hautoki jasho tena. Umbo limebaki, kazi imeondoka. Chombo kimehama kutoka pembeni mwa nyumba hadi ndani ya kabati la kioo, na kilichokihamisha ni kemia, si msomi wa sanaa. Sisemi ni hasara. Picha ya Kwali akiwa kazini imo nyuma ya noti ya naira 20, heshima ambayo wafinyanzi wachache sana duniani wameipata. Ila ukisimama mbele ya mtungi wake, jiulize maji yangefanya nini ndani yake.

Onyesho jingine ninalolitaja kila ninapofundisha ni la msanii wa China Ai Weiwei pale kwenye jumba la sanaa la Tate Modern, London, mwaka 2010: mbegu za alizeti milioni 100 za kauri, zilizotengenezwa na kupakwa rangi kwa mkono na mafundi wa Jingdezhen, mji wa kauri huko China, zikamwagwa sakafuni. Mpango ulikuwa watu watembee juu yake. Haikupita hata wiki mbili, wakazuiwa, kwa sababu msuguano ulikuwa unatoa vumbi. Wanafunzi wangu wanapenda kuzungumzia siasa ya kazi ile. Mimi nawarudisha kwenye vumbi. Vumbi la udongo lina silika, madini yenye chembe ndogo mno, na silika haitoki mapafuni ikishaingia. Futa meza kwa kitambaa kibichi, usifagie sakafu kavu. Basi, tuendelee.

Mihadhara. Nitasema kwa ufupi, maana mhadhara mzuri ni rahisi kuutambua: mezani pana udongo. Desemba 1952, kwenye Archie Bray Foundation, kituo kilichoanzishwa mwaka mmoja kabla katika uwanja wa kiwanda cha matofali mjini Helena, Montana, walifika watu watatu: mfinyanzi Mwingereza Bernard Leach, mfinyanzi Mjapani Shoji Hamada, na Soetsu Yanagi, mwanafikra Mjapani wa sanaa za mikono. Palikuwa na maneno, na palikuwa na Hamada akifinyanga mbele ya watu. Miongoni mwa wenyeji walikuwa wafinyanzi vijana wawili, Peter Voulkos na Rudy Autio. Baada ya miaka michache Voulkos alikuwa Los Angeles akirundika udongo hadi ukawa sanamu kubwa zenye nyufa na matundu, kazi ambazo hazikufanana hata kidogo na bakuli za wageni wale. Msikilizaji mzuri haondoki na mtindo wa mzungumzaji. Huondoka na ruhusa.

Ukipata nafasi ya kuuliza swali, uliza ngapi zilivunjika. Mzungumzaji mkweli atacheka na kuanza kusimulia, na dakika kumi zitakazofuata zitakuwa na faida kuliko slaidi zote. (Na tafadhali liwe swali. Yule anayeinuka mwishoni kutoa hotuba yake mwenyewe yuko kila ukumbi.)

Sasa fursa, ambako watu huumia. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na mara nyingi gae hilo amelisaini mwenyewe kwenye mkataba.

Soma tangazo kuanzia chini. Juu kutakuwa na picha nzuri na maneno kama "jukwaa la kimataifa". Chini, kwa herufi ndogo, kuna ada ya kuomba, nani anasafirisha, bima inaanzia wapi, na kazi inakuwa ya nani onyesho likiisha. Chukua Loewe Foundation Craft Prize, tuzo ya kimataifa ya kazi za mikono iliyoanzishwa mwaka 2016. Mshindi hupata euro 50,000, kuomba hakuna ada, na kazi iwe imetengenezwa ndani ya miaka mitano iliyopita. Maombi huja kwa maelfu, na wanaofika onyesho la mwisho ni kama thelathini. Kazi za udongo zimeshinda mara kadhaa: Jennifer Lee mwaka 2018, Eriko Inazaki mwaka 2023, Andrés Anza mwaka 2024. Bahati ni ndogo, lakini kuomba kunakugharimu muda na picha tu, kwa hiyo mimi humwambia mtu aombe. Tuzo ndogo inayodai ada ya kuingia, kisha ada ya kupanga, kisha usafiri juu yako, hiyo siyo tuzo. Wewe ndiye mfadhili. Zipo pia tuzo ambazo fedha yake ndiyo bei ya kazi: ukishinda, umeuza. Si vibaya, mradi ulijua kabla hujatuma kile chungu usichotaka kuachana nacho.

Ya bima niliilipia karo. Nilipeleka vyombo vitatu kwenye onyesho la pamoja, kimoja kikarudi vipande. Nilipouliza, nilionyeshwa kifungu nilichokuwa nimekisaini: bima ilihusu siku ambazo kazi iko ukumbini, basi. Njiani kwenda na kurudi nilikuwa peke yangu. Tangu siku hiyo nadai bima ya mlango hadi mlango, na ndani ya kila sanduku nabandika picha zinazoonyesha hatua za kufungasha, kwa sababu anayefungua siye atakayefunga. Sanduku ndani ya sanduku, sponji katikati, na kamwe mdomo au mkono wa chombo usibebe uzito. Kama kazi inavuka mpaka na itarudi, ulizia hati ya forodha ya kuingiza bidhaa kwa muda, ile ya ATA, kwa nchi zinazoikubali. Ikiuzwa huko, ushuru utadaiwa, kwa hiyo amueni mapema nani ataulipa.

Nyumba za sanaa nyingi huchukua kazi kwa mali kauli: unawaachia, wanakulipa ikiuzwa, wakikata asilimia arobaini, mara nyingi hamsini. Wafinyanzi hulalamikia mgawo huo. Mimi hunisumbua zaidi mkataba usiosema utalipwa baada ya siku ngapi.

Ukaazi una hesabu yake, na udongo ndio unaoipanga. Ukipewa mwezi mmoja mahali pageni, wiki ya kwanza itakwenda kwa kuzoea udongo usioujua, ambao huenda ukasinyaa asilimia kumi au kumi na tatu wakati wako husinyaa nane. Chombo kinene kitataka wiki mbili au tatu kukauka. Kikiharakishwa, maji yaliyobaki ndani hugeuka mvuke na kukipasua jokoni. Ongeza uchomaji wa kwanza, majaribio ya glezi, uchomaji wa pili, na subira ya kupoa, kwa sababu chembe za kwatzi, madini yaliyomo kwenye udongo, hubadilisha ukubwa ghafla kwenye nyuzi 573 na joko likifunguliwa kwa pupa utasikia mlio usiopenda kuusikia. Mwezi umekwisha. Ndiyo maana kituo cha Ulaya cha kauri kilichopo Oisterwijk, Uholanzi, kinachojulikana kwa kifupi EKWC, huwapa watu miezi mitatu. Washiriki hulipia, lakini wanakutana na majoko makubwa na washauri wanaojua kwa nini kitu kimepasuka. Ukiwa na mwezi tu, nenda kufanya majaribio na urudi na vigae vya sampuli. Usiahidi onyesho.

Neno kuhusu maombi yenyewe, kutoka upande wa meza. Jopo huona picha kwanza, na kwa sekunde chache. Mandhari ya kijivu, mwanga laini wa pembeni usioacha doa jeupe kwenye glezi, picha moja ya karibu, na moja inayoonyesha ukubwa. Kisha maelezo. Nimesoma maombi kadhaa ambayo yote "yanachunguza mazungumzo kati ya ardhi na kumbukumbu", na mpaka leo siwezi kutofautisha waandishi wake. Ninayemkumbuka ni mwombaji aliyeandika kwamba vyombo vyake huegemea upande mmoja kwa sababu joko lake lina moto mkali upande huo, naye ameacha kupigana nalo. Tulitaka kuviona.

Hapa mezani nina tangazo jipya, kurasa nne, siku ya mwisho iko karibu. Nimeanza na mstari wa chini kabisa: "Gharama za kurudisha kazi ni juu ya mshiriki." Nimewaandikia kuwauliza kuhusu kuipeleka.