Lugha katika darasa la awali: mtoto hujifunza nini?

Mzazi akifika shuleni kumchukua mwanawe, kitu cha kwanza anachofungua ni daftari. Akikuta kurasa mbili za viduara na mistari ya kupindapinda, anaguna: "Mwalimu, hawa kutwa wanaimba tu?" Ana haki ya kuuliza, na jibu lake ndilo maana yenyewe ya somo la lugha kwa watoto wa chekechea.

Lugha ina stadi nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Katika darasa la awali, ambalo Tanzania hupokea watoto wa miaka mitano hivi kabla ya darasa la kwanza, mbili za mwanzo ndizo zinazobeba mzigo. Mtoto atapata taabu kulisoma neno ambalo sikio lake halijawahi kulikata vipande.

Kukata huko kunaitwa ufahamu wa sauti. Mwalimu anakaa mkekani na watoto, kila mmoja na vizibo vyake vya soda. Anasema "papai". Kwa kila kipande kinasogezwa kizibo kimoja: pa, pa, i. Vitatu. Kisha "mbuzi": mbu, zi. Viwili. Kisha "mtoto", na hapo ndipo panaponoga, maana vinasogezwa vitatu: m, to, to. Ile m ya mtoto imesimama peke yake, ile ya mbuzi imeshikana na b. Hakuna aliyewatajia silabi, wala ubaoni hakuna herufi hata moja. Sikio limeshajua.

Herufi zikija, Kiswahili kinamrahisishia mtoto kazi. Irabu ni tano tu, na kila moja inabaki na sauti yake popote ilipo. Aliyeshika ba, be, bi, bo, bu anaweza kusoma baba, bibi na babu siku hiyo hiyo. Ndiyo maana inaniuma kuona watoto wakikaririshwa majina ya herufi kwa Kiingereza kabla hawajazijua sauti zake. Huko a huitwa "ei", e huitwa "ii", i huitwa "ai". Mpe mtoto huyo neno "pete", anaweza kukusomea "piti", na kwa alivyofundishwa hajakosea. Itangulie sauti ya herufi; jina lake litasubiri.

Kuzungumza nako hufundishwa, ingawa mpita njia hataona somo pale. Wako watoto wanaoingia darasani na Kisukuma, Kiha au Kimaasai cha nyumbani, Kiswahili wakakijulia hapo. Mmoja anasema, "Mwalimu, kiti imevunjika." Mwalimu mzuri hamkatizi, wala haruhusu wenzake wamcheke. Anamwitikia tu: "Ala, kiti kimevunjika? Nani kakivunja?" Upatanisho wa ngeli umepita sikioni na mazungumzo yameendelea.

Halafu ni hadithi. Paukwa! Pakawa! Sungura kajificha, Fisi anakuja, mwalimu anasita na kuuliza: "Mnadhani Fisi atafanya nini?" Hapo mtoto anajifunza kufuata kisa, kubashiri, na kusema kwa nini anafikiri hivyo. Huo ndio ufahamu atakaoulizwa kwenye mitihani miaka mingi baadaye. Hadithi ikiwa ya kitabuni, mwalimu hupitisha kidole chini ya maneno, kushoto kwenda kulia, mpaka watoto wang'amue kwamba anachosoma ni yale maandishi na picha zinasindikiza tu.

Kuandika huanzia kwenye vidole: kufinyanga udongo, kutunga shanga, kuchora. Kile kiduara alichokigunia mzazi ni o, na kikiongezewa kijiti pembeni kinakuwa a. Mistari ya kupindapinda ndiyo itakayozaa m na u. Mtoto mwenye vidole dhaifu akilazimishwa kujaza kurasa huikaba penseli mpaka mkono unamuuma, na akaanza kuchukia kuandika kabla hajaandika lolote.

Ukitaka kujua mwanao amefika wapi, liache daftari kwanza. Jioni mkiwa jikoni mwambie apige makofi kwa neno "nyumba", kofi moja kwa kila kipande. Akipiga mawili, mpe "mkate".