Gemu iliyouza nakala nyingi si lazima ndiyo iliyopendwa zaidi

Wengi huamini kwamba gemu ikiuza nakala nyingi kwenye konsoli (mashine ya kuchezea gemu) moja kuliko kwenye konsoli nyingine, basi wenye konsoli hiyo ndio walioipenda zaidi. Inaeleweka, namba kubwa huvuta macho.

Chukua Mario Kart 8, gemu ya mbio za magari ya kampuni ya Nintendo. Kwenye Wii U, konsoli ya zamani ya Nintendo, iliuza nakala zaidi ya milioni 8, na toleo lake la Deluxe kwenye Switch, konsoli iliyofuata, limepita milioni 60. Imekwisha hiyo? Bado. Wii U zenyewe ziliuzwa kama milioni 13.5 tu, ilhali Switch zimepita milioni 150. Ukigawanya, kwenye Wii U ni takriban nakala 6 kwa kila konsoli 10. Kwenye Switch hazifiki 5. Tena baadhi ya hizo ziliuzwa zikiwa zimefungashwa pamoja na konsoli.

Kwa hiyo tafuta kwanza idadi ya konsoli zilizouzwa. Mara nyingi imo kwenye ripoti za mapato za watengenezaji, bure mtandaoni. Kisha soma yale maandishi madogo chini ya jedwali: nakala zilizopelekwa madukani si lazima ziwe zimenunuliwa, na majedwali mengine huacha kabisa zile za kupakua.